Aebi na Wenzake

Bi Zwahlen, mwanafizikia, alikuwa kwenye tramu ya mji wa Meyrin akienda kuagwa kazini. Mbele yake binti alisoma kitambulisho kifuani mwa mzee mmoja, akaruka. "Ndiwe Profesa Aebi? Tasnifu nzima nimekunukuu! Asante sana!"

Mzee akacheka. "Ishukuru alfabeti, mwanangu. Makala yetu ina waandishi elfu tatu, majina yamepangwa kwa herufi, na anayenukuliwa ni wa kwanza. Mimi A, basi sifa zote kwangu."

"Si ulifanya kazi?"

"Nilitaka kutangaza chembe mpya! Zwahlen, jina la mwisho kabisa, akaandika kwamba ni waya tu wa mtambo uliolegea. Alituokoa na aibu, na hata sijawahi kumwona."

"Basi nimnukuu yeye."

"Utaweza wapi! Itaandikwa 'Aebi na wenzake', basi."

Tramu ikasimama. Bi Zwahlen akainuka, machozi yakimlengalenga. "Nipishe, Profesa," akasema. "Mwenzako anashuka."