Mkunga: Neno Lililochelewesha Mazishi ya Mama Teotiste

Wasikilizaji wapendwa, kabla ya rambirambi, tuondoe uvumi. Mama Teotiste Mena Rentería, mkunga wa hapa San Bonifacio, alifariki Jumapili iliyopita akiwa na miaka themanini na mitatu. Mazishi yalipangwa Jumanne, saa nne asubuhi. Alizikwa Alhamisi, saa kumi alasiri. Huko sokoni wanasema watoto waligombania nyumba. Si kweli. Nyumba ina hati, na hati ina jina la binti yake, Nubia, mwaka wa kumi na mbili sasa. Mazishi yalichelewa kwa sababu ya neno moja. Narudia: neno moja.

Jumatatu asubuhi Nubia alikwenda ofisi ya uandikishaji kuchukua cheti cha kifo. Bila cheti hicho, makaburini hawafungui geti. Alikisoma akiwa amesimama. Jina, sawa. Tarehe, sawa. Kwenye mstari wa kazi palikuwa pameandikwa: "Kazi za nyumbani." Akakirudisha mezani.

"Hiki si cha mama yangu."

"Kwani jina si lake, dada?" akauliza karani, msichana mpole, mgeni kazini.

"Jina ni lake. Kazi si yake. Andika mkunga."

"Kompyuta haina mkunga. Kuna daktari, kuna muuguzi. Mkunga hakuna."

Nubia akacheka. Waliokuwa kwenye foleni wanasema hakikuwa kicheko cha furaha. Ili tukielewe, inabidi turudi nyuma.

Teotiste alizaliwa mwaka 1941 kando ya mto Atrato. Baba yake alichekecha dhahabu, mama yake alilima ndizi na mpunga. Alimzalisha mzazi wa kwanza akiwa na miaka kumi na saba, shangazi yake amesimama nyuma yake akimkosoa. Dawa zake alizipanda nyuma ya jiko, ndani ya mtumbwi mkuukuu uliopandishwa juu ya nguzo na kujazwa udongo, mafuriko yasiufikie.

Kitovu cha mtoto kilipodondoka, wazazi walimwambia atie nini pale, kama ilivyo desturi yetu, ili mtoto achukue sifa ya kitu hicho. Siku moja baba mmoja aliomba bintiye atiwe kitu cha kumfanya awe mpole.

"Wapole tunao wa kutosha, baba," akamjibu, akatia unga wa siafu. Binti huyo leo ni nahodha wa boti ya mizigo, na hakuna mwanamume anayemkatiza maneno.

Sasa tufike mwaka 1986. Mama mmoja alishikwa na uchungu, na Teotiste akapiga magoti mbele yake kwa muda wa saa kumi na tisa. Mtoto alitoka mzima, mama akasalimika. Wiki ya pili Teotiste na mama huyo wakaenda pamoja kumwandikisha mtoto. Fomu ilikuwa na swali: nani alimhudumia mzazi? Karani wa wakati huo, bwana mmoja aliyetoka milimani, akaandika bila kuinua macho. Teotiste hakujua kusoma.

"Umeandika nini hapo, bwana? Nisomee."

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna aliyemhudumia."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Bibi, maana yake hakuna mtu mwenye cheti."

"Basi andika hana cheti. Usiandike hakuna mtu."

"Mama, unazuia foleni."

Teotiste akageuka, akaitazama foleni. "Foleni yenyewe nimeizalisha mimi," akasema. Watu wakaangua kicheko. Karani hakucheka, wala hakubadilisha neno.

Nyumbani, mumewe, marehemu Eladio, alimwambia, "Jina lako mimi nalijua. Halitoshi hilo?" Akajibiwa, "Halitoshi." Jioni ile ile Teotiste akamwomba mwalimu wa shule ya msingi amfundishe kusoma na kuandika. Alikuwa na miaka arobaini na mitano.

Kisha akaenda kwa wakunga wenzake, nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji. Alipata wanawake kumi na wanne, wakaunda chama. Wote weusi, wote wamezalisha tangu usichana, na wote katika karatasi za serikali waliitwa "hakuna". Kwenye ukuta wa ofisi ya meya pana kibao cha majina ya watu waliojenga mji huu. Majina tisa, yote ya wanaume. Teotiste alipoweza kukisoma, aliuliza kwa sauti, "Na hawa tisa waliokotwa?"

Tarehe nane Machi 1988, Siku ya Wanawake, meya aliwaalika wanawake uwanjani awagawie aproni. Walifika uwanjani, wakapita. Wakaenda moja kwa moja ofisi ya uandikishaji, wakapanga foleni. Kila mama alikuja na mtoto wake na ombi la maandishi: futeni "hakuna", andikeni jina la aliyetupokea. Sheria ilimlazimu karani kupokea kila ombi. Siku ya pili adhuhuri, fomu ziliisha. Hawakuondoka. Wakakaa ngazini, wakapika wali na samaki palepale, wakamletea karani sahani yake.

"Mnataka nini hasa?" akauliza huku anakula.

"Unakula chakula cha hakuna," akamjibu Mama Herlinda Palacios, mmoja wa wale kumi na wanne. "Kina chumvi?"

Maombi yalikuwa mia mbili na kumi na moja. Barua kutoka mkoani ilichukua miezi minane, ikaruhusu neno mkunga na jina lake. Ruhusa ilikuwa ya vyeti vya kuzaliwa tu, si vingine. Mtoto wa kwanza kuandikwa hivyo alikuwa wa kike, tarehe mbili Novemba 1988. Teotiste alitia sahihi kwa dakika nne. Karatasi ikachukuliwa. Akaidai irudishwe, kwa sababu alikuwa amesahau alama juu ya herufi katika Rentería. Akaiweka.

Tusimpambe. Kwa daftari lake mwenyewe, alizalisha watoto mia sita na kumi na wawili. Kina mama watatu walifia mikononi mwake, na kila mwaka aliwataja kwa majina kanisani. Hospitali iliyowahi kumzuia mlangoni ilimwita baadaye awafundishe wauguzi wake kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Alikwenda. Sharti lake lilikuwa moja: aingie kwa mlango wa mbele.

Sasa mnajua kwa nini Nubia alicheka Jumatatu. Alitoka ofisini bila cheti. Jumanne saa nne kaburi lilikuwa wazi, jeneza liko sebuleni, barafu inaletwa kwa magunia. Padri akaja.

"Mwanangu, mbele ya Mungu hakuna fomu."

"Ya Mungu haina makosa, Padri. Mimi nashughulikia ya watu."

Mjomba wake naye akajaribu. "Nubia, mwache mama yako apumzike."

"Mama hana haraka, mjomba. Kinachoisha ni barafu."

Jumatano wanawake arobaini waliketi ngazini pa ofisi, wakiimba nyimbo zetu za maombolezo. Alhamisi saa mbili asubuhi akaja msimamizi kutoka mkoani. Akaiangalia kompyuta, akabonyeza palipoandikwa "nyingine", pakafunguka nafasi tupu. Akaandika herufi sita: mkunga. Ilichukua sekunde kumi. Siku tatu nzima hakuna aliyekuwa amebonyeza pale.

Karani akachapa cheti, akampa Nubia kwa mikono miwili. "Pole sana, dada. Tumemaliza?"

Nubia akakisoma neno kwa neno. Akakikunja. Hakuinuka.

"Bado. Fungua cha Mama Herlinda Palacios, alifariki 1994. Aliandikwa kazi za nyumbani. Ukimaliza huyo, wapo kumi wengine."

Ndiyo maana hata Alhamisi mazishi hayakuwa saa nne asubuhi. Waombolezaji walisubiri. Nubia alikaa kwenye kiti kile mpaka maombi yote kumi na moja yalipopigwa muhuri. Majibu bado hayajatoka. Redio hii inafuatilia, na itasoma hewani jina la kila aliyesahihishwa.

Kwa Nubia, wajukuu na chama cha wakunga, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo mkifika nyumbani fungueni kabati mnamoweka karatasi za familia. Tafuteni mstari wa kazi, katika cheti cha mama, cha bibi, cha shangazi. Someni kwa sauti, watu wote wasikie. Kama ni uongo, ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi. Nendeni wengi.