Buluu ya Nduaro

Asubuhi hiyo benchi la nje ya duka la fundi cherehani lilijaa mapema kuliko kawaida. Fundi mwenyewe, ambaye pale kijiweni huitwa Sindano, alikaa katikati, kikombe cha kahawa amekishika kwa ncha za vidole kwa sababu viganja vyote viwili vilikuwa vimechubuka. Jana yake shemeji yake, nahodha wa boti inayopeleka wageni kuvua mbali, alipungukiwa na mtu wa kumsaidia, akamchukua yeye. Sindano alikuwa hajawahi kuvuka hata mto. Na huko walikwenda kumtafuta nduaro, yule samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama mkuki. Wenzake walitaka kujua mambo mawili: ilikuwaje, na samaki yuko wapi.

— Anza mwanzo, — alisema Breki, dereva wa lori aliyestaafu. — Usiturushe.

— Tulitoka alfajiri. Nchi kavu ilipopotea, nikatapika mpaka nikawa mwepesi. Baada ya hapo ni kungoja tu. Boti inakwenda taratibu, nyuma tunaburuza chambo za plastiki. Mgeni kakaa kwenye kiti cha kuvulia.

— Siku nzima?

— Jua likapita utosini. Mgeni naye bahari ikamshika, akaenda kulala chini. Hakujali tena samaki wala boti. Hapo ndipo mshipi ukachomoka. Lile gurudumu lake linalia kama cherehani iliyokanyagwa na mwendawazimu. Shemeji hawezi kuacha usukani. Akaniambia, kaa wewe, fundi.

— Ukakaa?

— Sasa ningekwenda wapi?

Mama Kahawa alicheka, akamwongezea kikombe.

Sindano akawaeleza jinsi samaki alivyoruka mbali kule, mzima mzima, urefu wa benchi na zaidi, akatikisa kichwa hewani na kurudi majini. Samaki anavuta, naye anavuta. Mikono ikawaka moto, ikafa ganzi, ikawaka tena. Ilifika mahali akamwomba samaki, kwa sauti, achoke kwanza yeye.

— Akachoka?

— Mwishowe akaja ubavuni mwa boti. Nikainama kumwangalia. Akawaka.

— Akawaka vipi?

— Mbavuni. Mistari ya buluu, kama mtu kawasha taa ndani yake.

Alitegemea wacheke. Hakuna aliyecheka. Breki alisogea mbele, viwiko magotini.

— Hiyo ni hasira, — alisema Daktari, ambaye hakusomea udaktari wowote ila hakukosa jibu la ugonjwa. — Damu ikipanda, ngozi inasema. Mimi nikichelewa kurudi, mke wangu masikio yanamwiva hivyohivyo.

— Hasira gani ya buluu? — alisema Breki. — Ile ni indiketa. Anawaonyesha wa nyuma yake kwamba anakata kona.

— Kuna foleni huko chini?

— Wewe umewahi kufika ukaona haipo?

Mama Kahawa alitua birika.

— Nyie mnamwangalia samaki tu. Yeye je? Mimi nasema alimwashia taa Sindano amtazame vizuri. Hivi sasa kakaa na wenzake anawasimulia. Jana nimevuta kitu cha ajabu, kina miguu miwili, kimetapika, kikaniomba nichoke.

— Na hawamwamini, — alisema Daktari.

— Wamwamini wapi? Kaenda na mdomo mtupu.

Hapo Breki akakumbuka swali la pili.

— Ehe. Nyama iko wapi?

Sindano alitazama viganja vyake.

— Shemeji alisema aliyemleta ndiye aamue. Tumpandishe au tumwache. Nikamuuliza, hii buluu tutafika nayo nyumbani? Akasema hapana, akifa inazimika palepale, anakuwa kijivu kama bati. Nikamwambia akate mshipi.

— Ukamwachia, — alisema Breki pole pole. — Samaki wa mtaa mzima.

— Nilishindwa, kaka. Nilikuwa nimeshamwona.



Dada mmoja aliyehamia mtaani siku si nyingi alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi, kaja kushonewa gauni. Alikuwa amesikiliza muda mrefu.

— Samahanini, — alisema. — Buluu yenyewe ni ipi?

Kazi ya Sindano ni rangi. Wateja humtajia buluu ya sare, buluu ya bahari, buluu ya mbingu, naye hunyoosha mkono rafuni bila kutazama. Aliinuka, akaingia dukani, akarudi na uzi wote wa buluu aliokuwa nao, akaupanga kwenye benchi.

— Hii? — aliuliza Daktari.

— Hapana.

— Hii hapa?

— Hiyo imelala.

Mama Kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha Sindano. Likatoa matone, likakauka. Hakuna aliyelalamika. Dada aliweka kitambaa chake chini, akakaa pembeni mwa benchi, na Breki akachukua kibiringo kimoja cha uzi, akakiinua juani, akaanza kukigeuza taratibu.

— Na ukikitazama hivi?