Kisanduku Kilichotakiwa Kuwa Kitupu

Benchi la mianzi mbele ya kibanda cha kahawa cha Bu Marni, kwenye kichochoro kimoja cha Yogyakarta, lina wenyewe. Upande wa ukutani ni mahali pa Pak Kumis, fundi kompyuta anayeitwa hivyo, yaani Bwana Masharubu, kwa ajili ya masharubu yake. Katikati hukaa Gundul mwenye kipara, ambaye ana duka la fotokopi. Mwisho hukaa Wening, binti anayeandika programu katika ofisi ndogo ng'ambo ya pili ya kichochoro. Asubuhi nyingine hubishana mpaka Bu Marni awatishie kuwanyima kahawa. Jumanne ile kahawa ilipoa vikombeni, na hakuna aliyecheka.

Simu ilikuwa imeingia saa kumi na mbili na nusu, kutoka benki ya damu ya hospitali inayotumia programu ya Wening. Muuguzi mmoja, Bu Lastri, alikuwa ametoa mfuko wa damu kwa ajili ya mama aliyejifungua akatokwa damu nyingi. Mama alikuwa kundi O, na jedwali kwenye kompyuta lilionyesha mfuko ule ni O. Ulikuwa umeshafika kwenye trei alipoutupia jicho tena: lebo iliyobandikwa juu yake ilisema B. Wakawahi kuleta mfuko mwingine, mama akapona. Lakini hospitali iliizima programu, ikampa Mas Danar, bosi wa Wening, mpaka saa nne aeleze kilichotokea.

Wening aliweka laptopu mapajani na kufungua nakala ya data za hospitali. Danar alisimama nyuma yake na simu mkononi, hataki kukaa.

— Hicho kirusi, alisema Pak Kumis. Kimelala humo miezi, leo kimeamka.

— Kirusi gani kinachagua herufi moja tu? Gundul akamjibu. Hapo umechemka, Pak. Kuna mtu humo ndani anabadilisha kwa mkono wake.

Kumis hakukubali kushindwa. Akahamia kwenye friji za damu, kwamba zinaporusha umeme mbaya herufi kiooni zinaruka. Gundul naye akafika kwenye genge linaloiba damu na kuficha nyayo zake. Siku nyingine Wening angewachochea. Leo maneno yao yalimpita tu, kwa sababu alikuwa ameshaona jambo lisiloeleweka. Kwenye hifadhi ya data, ule mfuko haukuwa na kundi lolote. Ulikuwa umeletwa Jumatatu kutoka mji mwingine na hakuna aliyekuwa ameingiza kundi lake. Kisanduku chake kilitakiwa kuwa kitupu, lakini kiooni kilisema O.

Akalisogeza jedwali chini, akalirudisha juu. Kisanduku kikasema A.

— Rudia, alisema Danar.

Akarudia. Kikasema AB. Akarudia tena, kikasema B, na safari hii kilikuwa kimesema kweli, kwa bahati tu.

Gundul alikirudisha kwenye sahani kipande chake cha tempe, soya ya kukaanga.

— Linabahatisha, alisema kwa sauti ndogo.

Hapo Wening akaelewa. Jedwali lile lina maelfu ya safu, lakini halichori zote. Huchora zile ishirini na kitu zinazoonekana, na ukilisogeza, visanduku vilevile hupewa safu zinazofuata, kama sahani za mgahawa zinavyooshwa na kupakuliwa chakula cha mteja mwingine. Alhamisi hospitali ililalamika kwamba jedwali ni zito. Yeye akaongeza mstari mmoja wa kulipunguzia kazi: kundi likiwa tupu, pita, usikiguse kisanduku. Kwa hiyo kisanduku kilibaki na herufi ya mfuko mwingine. Sahani ilikwenda kwa mteja haijaoshwa.

Hakuna mwingine pale benchini aliyeweza kuusoma mstari ule. Hata Danar alikuwa ameacha kuandika programu miaka mingi. Wening aliushika ukingo wa benchi.

— Ni mimi, alisema.

Akawaeleza. Danar akauliza kama data zenyewe zimeharibika. Wening akasema hapana, ni kile kinachoonyeshwa kiooni tu.

— Basi tutasema ni mtandao. Ulikatika, kioo kikachelewa. Rekebisha sasa hivi, saa nne tuwape mpya, yaishe. Watu sita wanaitegemea ofisi ile, Wen.

— Mas Danar, alisema Pak Kumis taratibu, mimi nilisema kirusi kwa sababu sijui. Wewe unajua.

Wening aliinamia laptopu. Aliufuta mstari ule, akaandika kwamba kisanduku kisicho na kundi kisafishwe kwanza, kisha kionyeshe neno HAIJAINGIZWA kwa rangi nyekundu. Akasogeza jedwali mara thelathini. Neno halikuhama. Mabega yakaanza kumlegea.

Ndipo pikipiki ikasimama, akashuka mama mwenye sare ya uuguzi. Alisema yeye ndiye Bu Lastri, zamu yake imeisha, amekuja kusikia kwa masikio yake.

— Bu, ni mtandao, Danar alianza.

— Si mtandao, Bu. Ni mstari nilioandika mimi, Alhamisi.

Akamwonyesha jedwali la zamani, akamwonyesha na jipya. Bu Lastri aliangalia mpaka mwisho bila kumkatiza.

— Tangu Alhamisi, aliuliza, ni mifuko mingapi imetoka kwa kusomwa hapa tu, bila mtu kutazama lebo?

Programu huhifadhi kilichoingizwa, haihifadhi kile ambacho jicho liliona. Danar alitazama simu yake. Gundul alitazama chini. Pak Kumis, mwenye jibu la kila kitu, alijipangusa masharubu.

— Sijui, Bu, alisema Wening.

— Kitabu cha kutolea damu kimeandikwa kwa mkono. Panda pikipiki.

Kitabuni, mifuko iliyotolewa tangu Alhamisi ilikuwa thelathini na saba. Thelathini na sita waliithibitisha kabla ya adhuhuri. Wa mwisho lebo yake ilishatupwa, wakapanda mpaka ghorofa ya tatu kumtafuta aliyepewa. Walimkuta mzee mmoja ameketi kitandani anakula uji. Wening alimwamkia, akamuuliza anajisikiaje, na alipojibiwa kwamba uji hauna chumvi, ilimbidi atoke nje ya wodi akae chini.