Kuanguka Kwake Niliandika Mimi

Asalaam aleykum, mama zangu, dada zangu. Mmeniletea kiti, asanteni, lakini naomba nisimame. Nikikaa nitalia kabla sijaanza.

Nyote hapa Nyakabiga mnamkumbuka mdogo wangu. Mchana alibeba mizigo bandarini, jioni alikuwa bondia. Mimi ndiye niliyemfunga bendeji za mikono kabla ya pambano, kisha nikakaa mbele kabisa kupiga kelele, mpaka wazee wakamwambia mama anitafutie mume upesi. Chekeni tu, ni kweli.

Miaka ile ya vita, siku moja alikwenda Kibenga kumsalimia mchumba wake. Risasi zikalia upande ule mpaka jioni. Hakurudi. Tulimtafuta hospitalini, tukamtafuta na kwenye vyumba vya maiti. Kisha akaja baba mmoja, akasema alimwona kando ya njia, amekufa, na kesho yake maiti wote walikuwa wameondolewa, hajui walizikwa wapi. Shehe wetu akataka tumsalie sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo. Mama akakataa.

"Apana! Mutoto wangu anajua kukwepa."

Nami nikawa upande wa mama. Kila Ijumaa alizifua zile bendeji, akazianika kwenye kamba zimngoje mwenyewe.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye saiba moja mjini, watu wanapolipia intaneti. Wateja wakipungua, nilifungua jukwaa moja la Kifaransa ambako watu wa nchi mbalimbali waliandika mapambano ya ngumi. Hakuna picha, ndugu zangu, ni maneno tu. Wewe unamwandika mpiganaji wako, mwenzako anamwandika wake, mnajibizana. Walikuwa na sheria moja kali: unaandika ngumi yako imetoka, lakini huruhusiwi kuandika kwamba imempata mwenzako. Hilo anaandika mwenye mpiganaji.

Nikamwingiza mdogo wangu. Nilimwandika anavyovuta pumzi, anavyotanguliza mguu wa kushoto, glavu zinavyolowa jasho na kuwa nzito. Wakanisifu, wakadhani mimi ni mwanamume, bondia mstaafu! Lakini kila ngumi iliyomjia niliandika: amekwepa. Amekwepa tena. Wakachoka nami, wakaniacha mmoja mmoja. Akabaki bwana mmoja wa mbali, ambaye sijapata kumwona hata leo.

Siku moja bwana huyo aliandika ngumi ya chini ya mbavu, miguu mahali pake, kiuno kimezunguka, kiwiko kimebana. Bondia yeyote angeanguka. Chini yake akaongeza, nje ya mchezo: "Rafiki, huyu unayemwandika yu hai?"

Ndugu zangu, nawaambia, nililisoma swali lile mara tatu. Sikuweza kuandika ndiyo. Na ile sheria ikanibana: hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kumwangusha ila mimi. Nikaandika imempata. Goti limegusa sakafu. Mwamuzi anahesabu. Kila namba niliipa mstari wake, nikimsubiri ainuke, na anayeandika ni mimi mwenyewe! Nikaandika kumi. Nikaandika hakuinuka. Nikalia mbele ya wateja kilio ambacho sikuwa nimekilia tangu siku ile ya Kibenga.

Yule bwana hakujisifu kwamba ameshinda. Aliandika tu kwamba mtu wake amevua glavu na kupiga magoti kando ya mwenzake.

Nyumbani nilimkuta mama anaanua bendeji.

"Mama," nikamwambia, "tumusalie."

Alizikunja kwanza, polepole.

"Mi nilijua tangu siku yule baba alikuja," akasema. "Nilikuwa ninazifua juu yako. Niliona we bado hujakubali."

Tulimsalia Ijumaa iliyofuata. Namshukuru shehe wetu, aliyengoja bila kutulaumu. Nawashukuru nyinyi mliokuja na vyungu vya chakula wakati njia zilipokuwa za hatari, mkakaa nasi kama vile amefariki jana. Na yule bwana wa mbali, Mungu amlipe huko aliko.

Mama naye ametangulia. Kama nyumbani kwenu kuna nguo inayofuliwa ilhali mwenyewe haji, mama zangu, kaeni na aliyebaki, mwulizane. Sisi tulipoteza miaka, kila mmoja akimngoja mwenzake alie kwanza.

Sasa nipeni kile kiti.