Kiatu Kimoja Ukutani: Wasifu wa Marehemu Veronika Laurenti Mkude (1957–2025)

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wa ukoo, ndugu na jamaa, na ninyi majirani mliotoka Mwembesongo alfajiri mkapanda mpaka huku kwenye matope haya, familia inawashukuru. Wasifu huu unasomwa na Upendo, kitindamimba wa marehemu. Marehemu alikwisha kutuonya kwamba siku tukisimama mbele za watu tukamwita mtu mpole asiye na neno na mtu, atainuka atukanushe. Kwa hiyo hayo hayamo.

Veronika Laurenti Mkude alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 hapa hapa Nyandira, mtoto wa tatu wa mzee Laurenti Mkude, mkulima wa kabichi na viazi, na mama Yustina. Kaka yake, mzee Severini, anasimulia kwamba tangu akiwa mdogo alikuwa akichomeka majembe na miundu ya nyumbani kwenye fito za ukuta wa jiko, kila kimoja mahali pake, na ole wako uchukue mundu wa mama urudishe penye mundu wa baba. Walimpiga, akachomeka tena. Mwishowe mama yao aliwaambia wenzake wamwache, maana mtoto yule alikuwa sikio la kufa.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1966 na kumaliza la saba mwaka 1972. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na jambo hilo lilimkasirisha mpaka uzeeni. Mwaka 1974 alishuka Morogoro mjini kukaa na shangazi yake, jirani na Kilakala, na kila asubuhi akawa anawaona wasichana wa sekondari wakipita na sare zao. Aliwaonea wivu na alikuwa akisema hivyo waziwazi. Hakuwa mtu wa kuficha tumbo lake lilipomuuma.

Mwaka 1982 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo mjini, kazi yake kufagia karakana. Humo alikuta bisibisi zote zimetupwa katika nusu pipa lenye oili, na mafundi wakitaka moja wanaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, wanachakura na kulaani. Wakati wenzake wamekwenda kula, Veronika alizitoa, akazifuta, akapigilia misumari ukutani na kuzitundika: za nyota upande mmoja, bapa upande mwingine, kubwa juu na ndogo chini. Mafundi waliporudi walizirudisha kwenye pipa, wakamwambia ashike ufagio. Kesho yake akazitundika tena. Mchezo huo ulikwenda wiki nzima, mpaka siku mashine ilipokwama na msimamizi, aliyekuwa amelala chini yake, akanyoosha mkono ukutani bila kugeuza kichwa na kuikuta bisibisi aliyoitaka. Hakusema asante. Ila pipa lile liliondolewa, na baada ya miezi kadhaa Veronika naye akaanza kufundishwa ufundi. Alikuwa fundi wa kiwanda hicho hadi mwaka 1996, wafanyakazi walipopunguzwa.

Tarehe 20 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Wilfred, dereva wa lori la mpunga kati ya Dakawa na mjini. Walijaliwa watoto watatu: Gervas, Mikaeli na Upendo. Walijenga Mwembesongo, na baba alijenga pia gereji ya gari alilokuwa karibu kulinunua. Gari hilo alikuwa karibu kulinunua maisha yake yote. Mama alipopunguzwa kazi aliingia gereji ile, akasimamisha ubao mzima wa plaiwudi ukutani, akatundika bisibisi zake na kuanza kutengeneza vyerehani, feni na redio za mtaa mzima. Kila bisibisi aliizungushia mstari wa rangi nyekundu kwenye ubao, hivyo ikiondoka, umbo lake linabaki likikutazama.

Hapo ndipo ilipoanza sheria mnayoijua. Majirani walikuwa wakiazima bisibisi na kusahau kurudisha, na mama alichoka kuzunguka nyumba za watu. Akaamua kwamba anayechukua bisibisi anavua kiatu cha mguu mmoja na kukitundika kwenye msumari uliobaki wazi. Aliamini kwamba mtu anaweza kusahau cha mwenzake lakini hawezi kusahau mguu wake. Mjumbe wa mtaa alikwenda nyumbani akichechemea. Katekista pia.

Mume wake alidhani yeye hahusiki. Jumamosi Kuu ya mwaka 1998 alichukua testa, bisibisi ya kupimia umeme, akaenda kutazama taa za lori na kuiacha hukohuko. Mama hakumgombeza. Asubuhi ya Pasaka baba alikuta kiatu chake cheusi kimoja tu, na cha pili kiko gereji juu ya msumari wa testa. Alibembeleza, alifoka, alikumbusha kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Mama alimjibu kwamba nyumba ni ya baba, ukuta ni wa mama. Baba alisali Misa ya Pasaka amevaa kandambili, nyuma kabisa, na kabla ya chakula cha mchana testa ilikuwa imerudi. Alipofariki mwaka 2016 mama alilia sana, na alikuwa akisema kwamba hakuna mwanamume mwingine angeweza kuvumilia ukuta ule.

Machi 2023 mama alipata kiharusi, akalazwa mwezi mzima. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikufa. Gervas, mtoto wake wa kwanza, alikuja kutoka Dodoma, na kwa nia njema kabisa akaona gereji ifanywe chumba cha mgonjwa, asipande ngazi za barazani. Aliing'oa plaiwudi, akapaka ukuta rangi nyeupe, akaweka kitanda na pazia. Bisibisi zote alizimimina kwenye ndoo na kuisukuma uvunguni.

Mama aliletwa nyumbani, akaingizwa kwenye kiti chake, akautazama ukuta mweupe. Chai ilikuja ikapoa. Jirani yake Bi Shamsia, mshona nguo ambaye vyerehani vyake vyote mama ndiye aliyevitengeneza, alikuwapo na anakumbuka kwamba hata nzi alionekana kujihadhari chumbani mle. Gervas akamwomba mama apumzike, kazi amekwisha kufanya ya kutosha.

"Gervas," mama alisema, na ulimi wakati huo ulikuwa bado mzito, "umekufa mkono. Mimi sijafa. Nitapumzika siku ya kuzikwa. Lete ndoo."

Ndoo ililetwa. Mama aliamuru imwagwe sakafuni, akaokota bisibisi moja moja kwa mkono wa kushoto na kulaani kila ncha iliyogongwa, maana kwake yeye bisibisi zikikaa kwenye ndoo zinagombana. Gervas aliomba ruhusa kazini, akarudisha plaiwudi ukutani juu ya rangi yake mpya. Lakini haikurudi kama ilivyokuwa. Mama alitaka kila kitu kishuke hadi usawa wa kiti na kihamie upande wa kushoto. Mistari myekundu aliichora mwenyewe kwa mkono ambao haujawahi kushika hata kalamu, ikatoka imepindapinda. Gervas alijitolea kuinyoosha. Alifukuzwa. Ukuta ulipokamilika, mama alimwita Bi Shamsia alete cherehani kilichokuwa kikikata uzi. Bi Shamsia alikishikilia, mama akageuza bisibisi kwa kushoto, na walishinda nacho siku mbili kwa kazi ambayo zamani ilikuwa ya nusu saa. Kilishona. Tangu siku hiyo hadi mwezi uliopita mama alikuwa kazini, na kitanda cha mgonjwa kilikuwa gereji hiyo hiyo, chini ya bisibisi, kwa sababu alikataa kulala kwingine.

Mwishoni mwa Aprili alishikwa na nimonia. Alifariki dunia Jumanne tarehe 6 Mei 2025 asubuhi, hospitalini, akiwa amepokea sakramenti za mwisho. Neno lake la mwisho kwa Upendo lilikuwa swali: kama Bi Shamsia amerudisha bisibisi ndogo ya nyota. Alikuwa amerudisha.

Marehemu ameacha kaka mmoja, mzee Severini, watoto watatu, mkwe mmoja, wajukuu watano, na Bi Shamsia, ambaye si ndugu wa damu lakini ajaribuye kumwambia hivyo leo ataona. Ameacha pia ukuta. Familia inafahamu kwamba baadhi ya ndugu wameomba kila mmoja apewe bisibisi moja ya kumbukumbu siku ya arobaini. Tumewasikia na tumekataa. Ukuta haugawanywi. Upendo atabaki nao, na anayehitaji bisibisi anakaribishwa saa yoyote ya kazi, aje amevaa viatu. Kwenye ubao bado vinaning'inia kiatu cha ngozi, kandambili ya bluu na raba ya mguu wa kushoto. Wenyewe mpo hapa na mnajijua.

Maneno yanayofuata hayamo kwenye ratiba mliyonayo mkononi. Yameongezwa kwa kalamu asubuhi ya leo.

Baada ya kumuaga mama pale Mwembesongo, seremala alitaka kufunga jeneza. Alikuwa na skrubu zote, bisibisi hakuwa nayo. Mtu mmoja akatoa kisu. Gervas alimwomba akirudishe mfukoni, kwa sababu kisu kinakula kichwa cha skrubu na mama hakuwahi kuruhusu jambo hilo nyumbani kwake. Akaingia gereji, akatwaa bisibisi ya nyota, ya tatu kutoka chini. Kisha akainama, akavua kiatu cha kulia, akakitundika, na mguu huo akauvika kandambili.

Mzee Severini alimfuata mpaka mlangoni. "Utapanda Nyandira kumzika mama yako na mguu mmoja wa kandambili? Watu watasema nini?"

"Waache waseme, mjomba," Gervas alisema. "Bisibisi imetoka. Mimi ni nani hata nisiache kiatu?"

Alizikaza skrubu yeye mwenyewe, polepole, na hakuna hata moja iliyoharibika. Basi mlionong'ona njiani kwamba mtoto mkubwa wa marehemu amechanganyikiwa kwa msiba, mtazameni vizuri. Bisibisi iko mfuko wa koti. Itarudi leo jioni, na hapo ndipo atakapopata kiatu chake.

Mama alisema siku gani atapumzika, na hakuwa mtu wa kubadili neno. Siku yenyewe ni leo. Apumzike kwa amani.