Aliyetumwa Kuni

Usinibinulie midomo. Kama huamini kwamba wanaume watatu wazima wanaweza kugombana wiki nzima kwa ajili ya saa ya ukutani isiyokuwapo, basi hujawahi kukaa kwenye kibanda cha chai cha Bibi Birika. Benchi liko ndani, karibu na jiko la kuni. Mlango ni wa bati, komeo lake liko nje. Humo kitabu kimoja kinene cha kale kilizunguka mkono kwa mkono mpaka jalada likawa laini kama sikio la mbuzi. Bibi mwenyewe, na darasa lake la saba, alikisoma miezi minne, kidole kikifuata mstari, kati ya birika na birika. Tangu amalize, swali moja lilimkaba. Asubuhi hiyo aliapa kuwauliza wasomi wake, na wasipolijibu, watamtambua.

— Ile saa ya kitabuni iliyosimama ni serikali, — alisema Hakimu, karani mstaafu wa mahakama. — Ipo ukutani, wote wanaitazama, kazi haifanyi.

— Mzee wangu, hapo umechemsha, — Fundi Redio akadakia. — Saa ni moyo wa yule mwenye nyumba. Moyo umesimama, mwenyewe anatembea.

— Maiti anatembea?

— Kurasa mia nane! Hata wewe ungefia njiani.

Kinyozi, ambaye kila mtu alijua hajavuka ukurasa wa thelathini, aliweka kikombe chini.

— Nyie hamjui kusoma. Mwandishi alikuwa anaumwa jino. Sentensi kurasa tatu, nukta hakuna! Mwenye meno mazima hupumua. Ndiyo maana wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu na jino wapi na wapi?

— Yote mifupa, kaka.

Bibi Birika alikohoa.

— Jamani. Ukurasa wa mia mbili na kumi. Yule mtumishi aliyetumwa kuni na mvua ile, akamwacha mwanawe kalala. Alirudi?

Hakimu akapekua daftari lake.

— Mtumishi gani?

— Aliyewapikia tangu ukurasa wa kwanza.

— Aa, Bibi, huyo mhusika mdogo tu, — alisema Fundi Redio.

— Mdogo kwa nani? Mtoto analia mpaka sura inakwisha. Kuanzia hapo ni saa, saa, saa. Nimerudi nyuma mara tatu nikidhani nimeruka ukurasa. Nyie mmesoma. Niambieni, alirudi?

Uso wa Hakimu ukang'aa ghafla.

— Ngoja! Kuni ni muda! Zinaungua, hazirudi!

— Kuni ni wake za watu, — alisema Kinyozi. — Ukizigusa, unaungua.

— Basi mvua ni nini? Tuanze na mvua!

Wakaanza na mvua. Bibi aliwatazama mmoja mmoja, kama anayechambua mchele wenye mawe. Fundi Redio akasukuma kikombe bila kugeuka.

— Bibi, ongeza.

— Birika tupu. Na kuni zimekwisha.

— Si ukalete, — alisema Hakimu, macho daftarini. — Usikawie, mama.

Bibi Birika alikiokota kitabu pale benchini, akakitia kwapani, akavaa kandambili zake. Hakuna aliyeinua kichwa. Akatoka, akauvuta mlango, akatia komeo.