Mji wa Majambazi Wastaafu

Benchi la Rebeka liko Kirumba, nyuma kidogo ya mwalo wa wavuvi, mahali ambapo harufu ya dagaa inakupokea na inakusindikiza. Hapo kahawa ni chungu, kashata ni ngumu, na mtu asiyebishana anaulizwa kama anaumwa. Mchana huo wabishi wa kudumu walikuwepo wote wawili. Ngosha, dereva wa bodaboda, anaitwa Jaji kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi mahakamani mara moja na tangu siku hiyo hajanyamaza. Mzee Machibya wa Magu anaitwa Profesa, wa nini hakuna ajuaye. Katikati yao alikaa Perez, kijana wa Shirati, kompyuta mapajani, kahawa imempoa mkononi. Mwaka mzima alikuwa anatengeneza mchezo wa simu, ule wa watu wengi kuingia na kucheza kwa pamoja, na sasa mchezo wenyewe ulikuwa unamfia.

— Sema shida, Injinia, — Rebeka alimwambia. — Kahawa haijakukosea kitu.

— Shida ni hii, dada. Mchezo una mji kando ya ziwa. Kila anayeingia anachagua atakuwa nani: mkulima, mvuvi, muuguzi, au jambazi mstaafu.

— Huyo mstaafu ana pensheni? — akauliza Machibya.

— Hana, mzee. Ila anafungua kufuli lolote na anatembea bila kusikika. Nilidhani watamchagua wachache. Wamemchagua wote! Hakuna anayelima, hakuna anayevua. Jana wameibiana sufuria moja hiyo hiyo mpaka ikatoboka.

Ngosha akaangalia pembeni, maana aliyeitoboa ni yeye.

— Saa kumi wanafunzi wa chuo kule Nyegezi wanakaa ukumbini kuucheza, — Perez akaendelea. — Wakikuta fujo hii, wanaufuta. Na mimi sina moyo wa kuanza upya, kweli tena. Narudi Shirati nikamsaidie baba kushona nyavu.

Hapo wote wawili wakamsogelea. Perez walikuwa wanampenda, ingawa hawajawahi kumwambia.

— Mnyang'anye huyo jambazi ufundi wa kufuli, — akasema Machibya.

— Weee, Profesa! — Ngosha akaruka. — Wahenga wamesema siku za mwizi arobaini. Mtu hajatumia hata kumi, unamdhulumu zilizobaki? Mpe kikohozi. Kila akinyata, anakohoa.

— Kikohozi kinatibika. Si kuna muuguzi?

— Muuguzi gani, mzee? Naye ni jambazi!

— Basi weka mama yake. Akigusa cha mtu, simu inampigia mama yake mzazi.

— Mama wa kwenye mchezo? — Perez akauliza.

— Wa kweli! Yuko shambani anapalilia mpunga, anasikia: mwanao ameiba sufuria.

Ngosha akashika kichwa.

— Mama yangu mimi? Anapanda gari jioni hiyo hiyo! Hapana, hiyo siyo adhabu, ni mauaji. Weka kiboko, Injinia. Anatoka ziwani, ananusa mali ya wizi, anamfuata mtu mpaka kitandani.

— Kiboko atajuaje ni ya wizi?

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame!

— Sasa hiyo inahusiana vipi?

— Akiinama si anaona chini ya kitanda?

Rebeka alicheka mpaka akaweka birika chini. Hata Perez akatabasamu. Ndipo Machibya akajikohoza, akavuta kofia nyuma, dalili kwamba sasa anasema kweli.

— Kwetu, kijana, mwizi hatuna haja ya kumpeleka mbali. Anatengwa. Hasalimiwi, hapewi hata kaa la moto, akipita mnaangalia ng'ombe wenu. Huo upweke, we acha tu, mtu anakonda huku anakula. Mpaka siku achinje ng'ombe, aite watu. Wakila, yamekwisha, ni mwenzenu.

Macho ya Perez yakawaka.

— Mzee, hiyo ndiyo dawa!

Akaanza kuandika sheria hapo hapo, vidole vinakimbia. Aliyeiba hata mara moja jina lake liwe jekundu. Hauzi, hanunui, hasalimiwi. Achinje, apike, aalike. Mtu asiyetengwa akija akala, jina linarudi jeupe. Akabonyeza, sheria ikaenda kwa wachezaji wote.

Ngosha akatoa simu yake aingie, akapiga yowe.

— Jamani! Mji mzima mwekundu!

Mji ulikuwa kimya kama kuna msiba. Majambazi wastaafu walikuwa wanapishana barabarani, kila mmoja ananuna. Baada ya muda kidogo moshi ukaanza. Huyu kachinja, yule kachinja, Ngosha naye kachinja. Nyama zinachemka kila mlango, mwenyewe kasimama na kijiko anaalika, na hakuna wa kuja kula, maana wote wametengwa. Wametengana wao kwa wao!

— Profesa, — Perez akasema, uso umemsawajika, — kwenu wakiiba wote inakuwaje?

— Kwetu hawajawahi kuiba wote, — Machibya akajibu kwa hasira. — Kwani nyie watu wa namna gani?

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja kutoka Sengerema, jina lake Paskazia, amefuata dagaa na anasubiri gunia lake lifungwe. Walishasalimiana naye wakamsahau. Alikuwa amesikiliza yote, kashata shavuni.

— Samahani wanangu, — akasema. — Nauliza tu. Huyo asiyeiba, mnampa nini?

Perez akashuka kwenye maandishi yake mpaka kwa mkulima, na pale pa kipaji alikuwa ameandika mwenyewe: hana. Mvuvi, hana. Muuguzi, hana. Akaona aibu mpaka masikio yakamwasha. Mwaka mzima amemvisha mwizi, na wenzake amewaacha uchi.

— Mama, — akasema taratibu, — chukua simu yangu. Ingia kama mkulima.

— Nikafanye nini?

— Ukale.

Paskazia akaingia mjini na jembe lake begani, jina lake jeupe peke yake. Weee! Majambazi wote wakageuka. Wakaja wanakimbia, mabakuli mikononi, wanasukumana: mama karibu, mama anzia kwangu, yangu ina ndizi! Ngosha akawa wa kwanza kufika, kwenye simu na kwenye benchi.

— Bonyeza kula, mama! Bonyeza!

— Subiri kidogo. Sijanawa.

— Hakuna kunawa humo, mama!

— Mimi sili bila kunawa.

Akashuka ziwani, na mji mzima wa majambazi ukamfuata nyuma kwa adabu, bakuli juu. Akachutama majini, akarudi, akabonyeza. Jina la Ngosha likawa jeupe.

— Nimerudi kwa watu! — Ngosha akaruka, kahawa ikamwagika kwenye suruali ya Profesa. — Ameila! Jamani, ameila!

Na simu ya Perez mikononi mwa mama ikaanza kutetemeka kwa ujumbe. Wachezaji wanauliza: huyo mama ni nani? Sisi tunaanzaje upya tuwe wakulima? Na sisi tunataka kualikwa!

Perez akacheka kwa sauti, machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. Pale palipoandikwa "hana" akafuta, akaandika: yeye ndiye anayesamehe. Akaifunga kompyuta mkobani, akapanda nyuma ya Ngosha kwenye pikipiki.

— Nyegezi, Jaji, saa kumi hiyo!

Pikipiki ikawaka. Rebeka akapiga kelele kwamba simu imebaki kwa mama.

— Mwacheni nayo! — Perez akajibu, wameshaondoka. — Wasipomwona mjini watalia!

Paskazia hakusikia. Alikuwa ameinamia kioo, anatembea mlango hadi mlango na jembe lake.

— Huyu ng'ombe wake hajaiva, — akamwambia Rebeka. — Huyu bado ni mwizi kwanza.